Beba dawa zako zote umwonyeshe mfamasia
Jamani mfamasia kazi yake sio kukukabidhi dawa tu, siku hizi wengi wanapima presha na sukari na nchi zingine wanachoma hadi chanjo. Kwa hiyo ukienda kuchukua dawa mpya beba na zile unazotumia nyumbani, zote, hata za mitishamba na vidonge vya mafua, mwambie azipitie. Hapo ndo anagundua unameza parasetamo mara mbili bila kujua, maana dawa nyingi za mafua zinayo tayari ndani, na mtu mzima akizidisha gramu 4 kwa siku ini linaweza kuumia vibaya. Na kama unatumia warfarini, ile dawa ya kuzuia damu isigande, usimfiche kabisa, ukichanganya na aspirini au ibuprofeni unaweza kuvuja damu sana.