Kupima muunganiko wa mawimbi ya ubongo kwa wazee wenye upungufu mdogo wa utambuzi

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au mtafiti mwenye mashine ya EEG (inayorekodi umeme wa ubongo kupitia vipokezi vya kichwani, yaani elektrodi) ya elektrodi 19 na kompyuta yenye MNE-Python, programu isiyolipiwa. Nia ni kulinganisha muunganiko, yaani jinsi mawimbi ya sehemu mbalimbali za ubongo yanavyokwenda pamoja, kati ya wazee wenye upungufu mdogo wa utambuzi, yaani ambao kumbukumbu imeshuka kuliko kawaida ya umri wao, ingawa bado wanajipikia na kutunza hela zao wenyewe, na wenzao wa rika hilo walio wazima. Mahesabu kompyuta itayafanya. Kazi kubwa iko kabla yake.

Hatua ya 1: Mwandae mzee

Mwombe aoshe nywele jana yake na asipake mafuta. Kina mama wanaosuka waelezwe mapema wasuke mistari inayoacha ngozi wazi pale elektrodi zinapokaa; kuwafumua nywele asubuhi ya kipimo ni kuwavunjia heshima. Uliza dawa anazotumia, kwa sababu zile za jamii ya diazepamu huongeza mawimbi ya beta, yale ya kasi.

Usimweke kwenye kundi la wagonjwa kwa alama za MoCA, jaribio fupi la kumbukumbu na utambuzi, peke yake. Kiwango kinachotumika sana ni 26 kati ya 30, lakini mzee aliyeishia darasa la nne anaweza kupata chini ya hapo akili yake ikiwa timamu. Zungumza pia na anayeishi naye.

Hatua ya 2: Rekodi, na umzuie kusinzia

Hakikisha ukinzani wa kila elektrodi uko chini ya kilo-omu 10. Rekodi angalau dakika 5, macho yamefumbwa, asubuhi ikiwezekana.

Hapa ndipo tafiti nyingi huharibikia. Mtu akianza kusinzia, alfa ya kisogoni (mawimbi ya hezi 8 hadi 13) hufifia, theta (mawimbi ya polepole zaidi) hupanda na macho huyumba polepole. Kupungua kwa alfa na kupanda kwa theta ndiko hasa tunakokutafuta kwa wagonjwa! Ukiacha kundi moja lisinzie kuliko jingine, utakuwa umepima usingizi. Kila baada ya dakika moja hivi mwite kwa upole, "Babu, uko macho?", weka alama kwenye rekodi, na baadaye ondoa sehemu zote zenye dalili za kusinzia.

Hatua ya 3: Safisha

Chuja ubakize hezi 1 hadi 45. Umeme wetu wa hezi 50 utabaki nje. Weka kando chaneli mbovu (rekodi za elektrodi zisizosoma vizuri), tumia ICA, mbinu ya kihesabu ya kutenganisha vyanzo vya mawimbi, kuondoa kupepesa macho na mapigo ya moyo, kisha chukua wastani wa chaneli zote kuwa rejea, yaani msingi wa kulinganishia kila chaneli. Kata vipande vya sekunde 4. Kila mtu awe na idadi ileile ya vipande, tuseme 30, kwa kuwa vipande vikiwa vichache vipimo vingi vya muunganiko hupanda vyenyewe.

Hatua ya 4: Chagua kipimo

Ngoma moja ikisikika nyumba mbili kwa wakati mmoja, haina maana kwamba nyumba hizo zinaongea. Vivyo hivyo umeme wa chanzo kimoja husambaa kichwani na kufika elektrodi mbili papo hapo, na kipimo cha zamani cha koherensi huuhesabu kuwa ni muunganiko. Mwaka 2007 Cornelis Stam na wenzake, Amsterdam, walitoa kipimo cha PLI (phase lag index), kinachouliza kama wimbi moja hutangulia jingine mara kwa mara na kupuuza yanayofika pamoja. Mimi hutumia toleo lake la 2011 lenye uzani: katika mne_connectivity, nyongeza ya MNE-Python, ita spectral_connectivity_epochs na uchague wpli. Gharama yake ni kwamba miunganiko ya kweli isiyo na mchelewo nayo hutupwa.

Kabla ya kukokotoa, tafuta kilele cha alfa cha kila mtu, yaani masafa ambapo alfa yake ina nguvu zaidi. Kwa wagonjwa hushuka, pengine hadi hezi 8, na ukishikilia bendi (kipande cha masafa) ya hezi 8 hadi 13 kwa wote, nusu ya alfa ya mtu huyo itahesabiwa kuwa theta. Panga bendi kulingana na kilele chake.

Hatua ya 5: Linganisha

Elektrodi 19 zina jozi 171. Kwa bendi 4 ni majaribio 684. Ukitumia kizingiti cha 0.05, yaani kukubali kosa la bahati mara 5 kati ya 100, takriban 34 yatatokea kwa bahati tu. Kwa hiyo chukua wastani wa maeneo machache uliyoyataja kabla ya kuona data. Ripoti pia nguvu ya alfa, maana alfa ikiwa dhaifu awamu yake (mahali wimbi lilipo katika mzunguko wake) haisomeki vizuri na muunganiko hushuka bila mtandao kuguswa.

Hatua ya 6: Zungumza na familia

Binti aliyemleta mama yake atauliza kipimo kimesema nini. Mweleze wazi kwamba kinalinganisha makundi, hakitabiri yatakayompata mama yake. Wapo wanaoendelea hadi dimensia, wapo wanaobaki hapo, na wapo wanaopata nafuu. Kisha muulize kama mama ameshapimwa tezi ya shingo, vitamini B12, usikivu na sonona. Hayo yana tiba, na kama bado, mwandikie barua ya kwenda kliniki leo hii.