Leseni ya Windows iliyokuja na kompyuta: jinsi ya kujua kama inahama

Hapa Bukavu, mtu anayempelekea fundi kompyuta iliyoungua baada ya umeme kukatika na kurudi kwa nguvu huuliza kwanza habari za faili zake, kisha huuliza kama Windows aliyoilipia pamoja na mashine hiyo inaweza kuhamishiwa kwenye mashine nyingine. Swali hilo ni la haki, lakini jibu lake halitegemei umahiri wa fundi bali aina ya leseni, na aina hiyo unaweza kuitambua wewe mwenyewe kabla ya kumlipa mtu yeyote.

Kompyuta ikiwa bado inawaka, fungua dirisha la amri (Command Prompt) kwa haki za msimamizi (Run as administrator), andika slmgr /dli, kisha ubonyeze kitufe cha kuingiza. (Kibodi nyingi zinazotufikia kutoka Ubelgiji na Ufaransa ni za AZERTY, na alama ya mkwaju hupatikana kwa kushika Shift na kubonyeza kitufe cha nukta mbili.) Kitatokea kisanduku kidogo, na katika mstari wa maelezo utaona neno OEM, RETAIL au VOLUME.

Neno OEM maana yake ni kwamba leseni iliwekwa na mtengenezaji wa kompyuta. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, ufunguo wa leseni ya namna hii kwa kawaida huhifadhiwa ndani ya ubao mama wenyewe, ule ambao mafundi wetu huuita carte mère, na masharti ya Microsoft yanaifunga leseni kwenye mashine hiyo moja. Kubadilisha diski au kuongeza kumbukumbu hakuiharibu. Ubao mama ukifa, na mtengenezaji akauweka mwingine badala yake kwa sababu ya ubovu, haki yako inaendelea. Lakini kuichukua leseni hiyo na kuitia katika kompyuta nyingine hakuruhusiwi. Nasema hivi waziwazi kwa sababu nimeona watu wakilipia kazi ya kuihamisha, na baada ya wiki chache maandishi ya kudai uamilishaji (activation, yaani Windows kuthibitisha leseni yake) yanarudi kwenye kioo. VOLUME ni leseni ya shirika, chuo au ofisi, na haimfuati mfanyakazi anapoondoka.

RETAIL, yaani leseni inayonunuliwa peke yake bila mashine, ndiyo inayohama, lakini hapa pana mtego. Angalia herufi tano za mwisho za ufunguo katika kisanduku kilekile. Ukikuta 3V66T kwa toleo la Pro, au 8HVX7 kwa toleo la Home, huo ni ufunguo wa jumla ambao mamilioni ya kompyuta wanao, na haki yenyewe haikai ndani yake. Kama leseni ilinunuliwa katika duka la mtandaoni la Microsoft, itahama kupitia akaunti ya mnunuzi. Kama ilitokana na kupandishwa bure kutoka Windows 7 iliyokuja na mashine, inabaki kwenye mashine ileile, hata kama kisanduku kinasema RETAIL.

Ukiwa na ufunguo wa RETAIL ulio wako kweli, wenye herufi 25, uandike kwanza kwenye karatasi. Kwenye kompyuta ya zamani, toa amri ya slmgr /upk ili kuuondoa, kisha slmgr /cpky ili usibaki katika rejista (kumbukumbu ya mipangilio ya Windows), kwa kuwa leseni moja hairuhusiwi kutumika katika kompyuta mbili. Kwenye kompyuta mpya, ambayo lazima iwe na toleo lilelile (Home kwa Home, Pro kwa Pro), andika slmgr /ipk ukifuatisha ufunguo, halafu slmgr /ato ikiwa imeunganishwa na intaneti. Kama leseni yako imefungamanishwa na akaunti ya Microsoft, jambo linalowezekana tangu toleo la 1607 la Windows 10 la mwaka 2016, ingia kwa akaunti hiyo kwenye kompyuta mpya, fungua kitatuzi cha matatizo (Troubleshoot) katika ukurasa wa uamilishaji wa mipangilio ya Windows, na uchague kwamba umebadilisha vifaa hivi karibuni. Ufungamanishaji huo ufanywe mapema, mashine ikiwa nzima.

Mwenye leseni ya OEM naye asikate tamaa. Kompyuta iliyotumika unayoinunua, iwe imetoka Dubai au Ulaya, mara nyingi ina ufunguo wake yenyewe ndani ya ubao mama. Ili kuuona, fungua PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, na uandike (Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey. Ukitokea ufunguo, huhitaji kuhamisha chochote: sakinisha toleo linalolingana nao, unganisha intaneti, na Windows itajiamilisha. Kasoro ninayokutana nayo zaidi ni muuzaji kuweka Pro kwenye mashine yenye ufunguo wa Home. Mnunuzi huambiwa kwamba leseni imekwisha, ilhali kusakinisha Home upya kunamaliza tatizo bila gharama. Ifanye hundi hii mbele ya muuzaji, kabla pesa haijatoka mkononi.

Kuhusu faili, diski ya mashine iliyoungua mara nyingi huwa nzima, na inaweza kuunganishwa kwenye kompyuta nyingine kwa waya wa USB ili kunakili kazi zako, isipokuwa pale ilipolehemiwa moja kwa moja kwenye ubao mama wenyewe. Ikidai ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows linalosimba diski) wenye tarakimu 48, utafute katika akaunti ya Microsoft iliyotumika kwenye kompyuta ile, ukurasa wa account.microsoft.com/devices/recoverykey. Usikubali diski ifutwe kabla ya kuutafuta huko, kwa maana bila ufunguo huo hakuna fundi atakayezifungua picha za familia wala mitihani ya wanafunzi.

Na kama mashine uliyoipata haina ufunguo wowote, Ubuntu au Linux Mint, mifumo endeshi inayochukua nafasi ya Windows, husakinishwa bila kulipia leseni, na LibreOffice, programu ya ofisi isiyolipiwa, hufungua nyaraka nyingi za Word na Excel. Kwa mwalimu au katibu anayeandika barua na kuandaa orodha, ningeanza na hilo kabla ya kutafuta dola za leseni mpya.