SOMO: Kutengeneza kitabu cha historia ya haki ya kura na wanafunzi, mfano wa Tabora

Habari wadau. Kuna walimu wamenifata pembeni wanauliza vile vitabu vya wanafunzi tunavitengenezaje, basi naweka hapa kwa wote.

HATUA YA 1. Chukueni tukio moja tu. Ukisema "historia ya haki za raia" yote mtakwama sura ya kwanza. Sisi tulichukua kura tatu, yaani ule uchaguzi wa mkoloni ambao kila mpiga kura alitakiwa achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu, maana mkutano wa chama cha TANU wa Januari 1958 ulioamua habari hiyo ulifanyika hapahapa Tabora.

HATUA YA 2. Wapigishe kura kabla hawajashika kalamu, na hapa msiharakishe. Andaa karatasi zenye safu tatu, Mwafrika, Mwasia, Mzungu, kila mtu lazima achague mmoja kila safu, akichagua Mwafrika peke yake kura imeharibika. Halafu toa nje wasio na sifa, maana mkoloni alitaka uwe na kipato cha paundi 150 kwa mwaka au elimu fulani au cheo, kwahiyo darasa zima linabaki na watu wachache wanaopiga na wengine wamekaa dirishani wananung'unika. Hapo ndo uliza: tugomee au tushiriki? Watabishana mpaka kengele, na ndo ubishi uleule wa 1958. Nyerere alisimamia kushiriki, ikapita, Zuberi Mtemvu akajitoa akaanzisha chama chake, African National Congress (ANC). TANU ikawaunga mkono Waasia na Wazungu waliokubaliana nayo kina Amir Jamal, Sophia Mustafa na Lady Chesham, wakashinda.

HATUA YA 3. Gawa kazi kwa maswali, sio kwa sura. Kundi moja: nani aliruhusiwa kupiga? Lingine: waliotaka kugoma walikuwa na hoja gani? Hili wape wabishi, vinginevyo kitabu kinakuwa cha kusifia upande mmoja.

HATUA YA 4. Wahojini wazee. Omba ruhusa kwanza ndo uwashe simu kurekodi. Mzee akitaja mwaka, hakikisheni kwenye vitabu, ila maneno yake msiyanyooshe.

HATUA YA 5. Kuhariri: kila kundi lisomewe kwa sauti na kundi lingine. Basi.

MASWALI

Mdau wa Urambo: Mwalimu shikamoo. Mtaala una Marekani pia, kina Martin Luther King, hao mnawaweka wapi?
Jibu: Marahaba. Tuliweka ukurasa mmoja wa miaka sambamba. Desemba 1955 Rosa Parks, mama mweusi, anakamatwa Montgomery, Marekani, kwa kukataa kumpisha Mzungu kiti kwenye basi, 1958 Tabora, 1961 sisi tunapata uhuru, 1965 ndo Marekani inapitisha sheria ya kulinda kura ya mtu mweusi. Wanafunzi walishangaa sana kuona tumewatangulia, wengine hawakuamini wakaenda kuhakiki wenyewe, safi kabisa.

Mama Nzega: Mwanangu yupo fomu wani, ataweza kweli?
Jibu: Anaweza dada, mpe kuchora ramani na ile karatasi ya kura. Uandishi mrefu waachie fomu thrii.

Mwalimu Kasulu: Huku Kigoma hatuna mkutano kama huo, tufanyeje mkuu?
Jibu: Mna Ujiji mkuu! Njia ya misafara ya watumwa ilipita hapo, haki ya mtu kutouzwa inatangulia hata kura.

Mdau wa Kaliua: Na kuprinti je? Steshenari walinirudishia kurasa zimevurugika.
Jibu: Ukikunja A4 katikati unapata kurasa nne, kwahiyo jumla yenu lazima igawanyike kwa nne, zikipungua jazeni picha. Waambie waprinti kama kijitabu, nakala moja kwanza, muikunje muikague ndo mtoe nyingine. Kava manila, katikati pini mbili.