Unakwenda India ukiwa mjamzito? Jinsi ya kujiandaa kwa utrasaundi na kujaza Fomu F

Hapa Dar, mama akitoka kupima utrasaundi swali la kwanza analokutana nalo ni: "Wa kike au wa kiume?" Ni swali la furaha, na madaktari wengi hulijibu. Ukifika India, swali hilo hilo kwa daktari linaweza kukuingiza kwenye kesi. Sheria yao ya mwaka 1994 inakataza mtu yeyote kumwambia mama au ndugu zake jinsia ya mtoto aliye tumboni, iwe kwa neno au kwa ishara. Mashine zilikuwa zikitumika kuwatambua watoto wa kike ili mimba zitolewe. Sensa ya 1991 ilihesabu wasichana 945 kwa kila wavulana 1,000 wenye umri wa miaka 0 hadi 6; ya 2001 ikakuta wameshuka hadi 927. Mwaka 2003 sheria ikakazwa.

Maandalizi yaanzie nyumbani. Pasi iwe na miezi 6 au zaidi kabla ya kuisha. Viza ya matibabu huombwa kwenye tovuti ya viza ya serikali ya India: unapakia picha yako, ukurasa wa pasi wenye taarifa zako na barua ya hospitali itakayokupokea. Anayekusindikiza anaomba viza yake mwenyewe. Kama mimba ni kubwa, uliza shirika la ndege mapema kuhusu barua ya daktari.

Kisha nenda kliniki unakohudhuria, iwe Mwananyamala, Temeke au Muhimbili, ukaombe barua ya rufaa. Hii usiidharau. Kule mjamzito hapimwi utrasaundi bila sababu ya kitabibu kuandikwa kwenye Fomu F, yaani fomu ya kisheria inayojazwa kwa kila mjamzito anayepimwa, kwa hiyo barua ieleze wazi: siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, umri wa mimba, na kwa nini kipimo kinahitajika. Hakikisha pia jina linafanana na la pasi. Wengi wetu kadi ya kliniki ina jina la mume na pasi ina la baba. Sahihisha hilo kabla ya safari.

Ukifika chumba cha kipimo utaona ubao unaosema kutaja jinsia ya mtoto ni marufuku. Hapo ndipo utakutana na Fomu F. Wataandika jina lako, umri, jina la mume au baba, anwani, aliyekupa rufaa na sababu ya kipimo. Watauliza pia una watoto wangapi, wa kike wangapi na wa kiume wangapi. Mdogo wangu ana mabinti watatu, na alipoulizwa hivyo alidhani anasimangwa, machozi yalimlenga. Hakuna anayekusimanga, dada. Swali limo kwenye fomu na kila mjamzito huulizwa. Jibu ukweli.

Mwishoni kuna tamko lako kwamba hutaki kujua jinsia ya mtoto. Usitie sahihi kitu usichokielewa: omba mkalimani, usomewe mstari kwa mstari. Asiyejua kuandika huweka dole gumba. Daktari naye hutia sahihi kwamba hakutafuta jinsia wala hakumwambia mtu. Fomu ikiwa na mapungufu, yeye ndiye anayeweza kushtakiwa, kwa hiyo akikurudisha mara mbili kwa sababu ya tarehe moja, mvumilie.

Ndani ya chumba usiulize, usikonyeze, na usitoe "ya chai". Anayetafuta huduma ya kuchagua jinsia anaweza kufungwa hadi miaka 3 na kutozwa faini hadi rupia 50,000 kwa kosa la kwanza. Mama aliyelazimishwa haadhibiwi. Sheria humchukulia mume au ndugu kuwa ndiye aliyemshinikiza, mpaka ithibitike vinginevyo. Kwa hiyo waambie walio nyumbani, hasa mama mkwe anayepiga simu kila jioni, kwamba jibu hilo halitatoka kule.

Ukimaliza, chukua ripoti na usome jina na tarehe ukiwa bado hapo kaunta. Kituo hutunza kumbukumbu zako kwa miaka 2. Ripoti hiyo mpelekee daktari wako wa Dar ukirudi. Ataendelea nayo kliniki.