Gemu moja, kompyuta mbili, ruta moja

Wachezaji wa Mtwara na Lindi, mmoja akiingia kwenye gemu na wa chumba cha pili akatupwa nje, mara nyingi wanagombania poti, yaani namba ya mlango ambao data ya gemu hupitia. Poti moja ya nje huelekezwa kwa kompyuta moja tu. Ingia kwenye ruta, aghalabu kwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ipe kila kompyuta IP (anwani yake kwenye mtandao) isiyobadilika, washa UPnP (gemu iombe ruta yenyewe ifungue poti), kisha zima ruta na kuiwasha upya. Mkiwa na seva mbili za Minecraft Java, ya kwanza ibaki poti 25565, ya pili iwekeni 25566.

Ila kwanza kabisa tazama IP ya WAN, yaani anwani ya ruta upande wa intaneti! Ikianza na 10 kisha nukta (10.), au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, jambo la kawaida kwa ruta za laini ya simu, kufungua poti ni kupoteza jioni bure: mko nyuma ya ruta nyingine ya kampuni. Kucheza kwenye seva za wengine bado kunawezekana, ila wa nje hawatafikia yenu. Mlio nyumbani unganeni kwa IP ya ndani, ile ya kompyuta yenye seva.

Ping (muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi) ikiruka ghafla, kagua simu inayopandisha video.