Ripoti ya kijamii mahakamani: kutafuta chanzo cha kosa bila kukisia

Hakimu anapoagiza ripoti ya kijamii, anataka kujua nini kilimfikisha kijana pale na nini bado kinaweza kubadilika. Ripoti nyingi huanguka kwa kosa moja: afisa anayeiandika anabandika sababu, "anavuta bangi", "amelelewa bila baba", pasipo kuonyesha jambo hilo lilianza lini na tabia iliharibika lini.

Kwa hiyo anza na mstari wa umri. Chora mstari kutoka mimba hadi siku ya kosa. Juu yake andika mambo ya mwili: pombe wakati wa ujauzito, uchungu uliochukua muda mrefu, mtoto kuchelewa kulia, degedege, malaria iliyopanda kichwani, ajali. Chini yake andika mambo ya maisha: misiba, vipigo, kuhamishwa kwa ndugu huyu na yule, kuacha shule, marafiki wapya, kosa la kwanza. Ya utotoni muulize mama au bibi, na uombe kadi ya kliniki ikiwa ipo. Kumbukumbu za mzazi mwenye aibu huwa na mashimo.

Kisha tazama kosa la kwanza lilitokea akiwa na umri gani. Mwanasaikolojia Terrie Moffitt, mwaka 1993, alitenganisha makundi mawili: wachache ambao ukorofi wao huanza utotoni na kuendelea ukubwani, na wengi wanaoanza wakati wa balehe kisha wakaacha. Kijana wa miaka 16 aliyeiba simu akiwa na wenzake, asiye na historia nyingine, usimtafutie ugonjwa wa ubongo. Watafute hao wenzake.

Kichwa kinahitaji maswali ya makini. Ukiuliza "umewahi kuumia ubongo?" utajibiwa hapana. Uliza: "Umewahi kuanguka au kupigwa ukazimia?" Mara ngapi? Kwa muda gani? Ulitapika? Kuzimia chini ya dakika 30 kwa kawaida huhesabiwa jeraha dogo. Zaidi ya saa 24, jeraha kubwa. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo inayozuia pupa na hasira, lakini ajali ya bodaboda ina uzito kwenye ripoti pale tu familia inapoeleza mabadiliko yaliyofuata. Kama alikuwa akipigana kila wiki hata kabla ya ajali, andika hivyo.

Uliza pia alikulia wapi. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilisambaza mtaani sumu ya risasi (madini ya "lead", siyo ya bunduki), na risasi huharibu uwezo wa mtoto wa kutulia na kujizuia. Shirika la Afya Duniani linataka hatua zichukuliwe risasi kwenye damu ikifika mikrogramu 5 kwa desilita. Kuna mtego hapa: kipimo cha damu huonyesha zaidi sumu ya karibuni, hivyo majibu mazuri leo hayafuti utoto wa miaka kumi iliyopita.

Kwa pombe tumia AUDIT, dodoso la kupima unywaji: maswali 10, kila moja pointi 0 hadi 4, jumla ya 8 au zaidi ni dalili ya unywaji hatari. Uliza kuhusu miezi 12 kabla ya kukamatwa. Aliyekaa mahabusu miezi minane ukimuuliza kuhusu sasa, utaondoka na sifuri.

Jirani atakwambia mtoto wa nyoka ni nyoka. Utafiti wa Dunedin, New Zealand, uliochapishwa 2002, uliangalia MAOA, jeni inayohusika na kemikali za ubongo: wavulana wenye aina dhaifu walielekea zaidi kwenye ukatili walipokuwa wameteswa utotoni; wasioteswa, jeni hiyo peke yake haikuwatofautisha. Mateso hayo unaweza kuyachunguza kwa kuhoji watu. Jeni iache.

Usiandike "saikopathi", yaani mtu asiye na huruma wala majuto. Kipimo chake, PCL-R, kina vipengele 20, na hutolewa na mtaalamu aliyefunzwa, kwa mahojiano na kumbukumbu za maandishi. Hata utambuzi wa haiba pinzani kwa jamii (tabia ya kudumu ya kuvunja sheria na haki za wengine) hautolewi kabla ya miaka 18. Neno likishaingia kwenye jalada halitoki. Ukiona anasikia sauti au anaongea na asiyeonekana, eleza ulichokiona na uombe uchunguzi wa daktari. Tanzania, mahakama inaweza kumpeleka Isanga, kitengo cha wahalifu wagonjwa wa akili cha hospitali ya Mirembe, Dodoma. Kuamua kama alikuwa na akili timamu siyo kazi yako.

Mapendekezo yafuate yanayobadilika: marafiki, fikra za kuhalalisha kosa, ulevi, saa za kukaa bure. Historia haibadiliki, hata ikijaza kurasa tatu. "Aache makundi mabaya" haisimamiki. Andika: fundi fulani amekubali kumfundisha uchomeleaji, Jumatatu hadi Ijumaa, shangazi atathibitisha mahudhurio, afisa atakagua kila baada ya wiki mbili. Ule mstari wa umri uambatanishe mwishoni. Mahakimu huusoma kabla ya maneno yako.