Spika za Honi Nyumbani: Namna ya Kutafuta Hitilafu na Kuzitunza

Spika ya honi, ile ambayo sauti yake hutokea kwenye mdomo unaopanuka kama wa tarumbeta, hukuza kila kitu, na kasoro zake zimo miongoni mwa hivyo inavyovikuza. Spika ya kawaida ya nyumbani ikipewa wati 1 hutoa takriban desibeli 88 kwa umbali wa mita 1, ilhali Klipschorn, spika ya honi aliyoibuni Paul W. Klipsch katika miaka ya 1940 na ambayo ingali ikitengenezwa, hufikia karibu desibeli 105. Ili spika ya kawaida iifikie kwa ukubwa wa sauti, ingehitaji umeme mara 50 zaidi. Ndiyo maana mvumo mdogo wa amplifaya, skrubu iliyolegea au tundu dogo la hewa, mambo ambayo kwingine yangepita bila kusikika, hapa hujitangaza mpaka upande wa pili wa chumba.

Katika kazi hii nimeona yuniti nyingi nzima zikihukumiwa kuwa zimeungua. Kwa neno yuniti ninakusudia kile chombo chenye sumaku na dayaframu (utando unaotetemeka na kutoa sauti) kinachofungwa nyuma ya honi. Kwa sababu hiyo utaratibu wangu huanzia nje kuelekea ndani, na yuniti hufunguliwa mwisho kabisa. Andaa multimita (mita ya kupimia umeme), bisibisi zinazoingia sawasawa kwenye skrubu zako, tochi, brashi laini, mkanda wa karatasi, penseli, na programu ya simu inayotoa toni za Hz mbalimbali.

Hatua ya 1: Thibitisha kwamba kasoro imo ndani ya spika

Zima amplifaya, kisha badilisha nyaya ili ya kushoto iende kulia na ya kulia iende kushoto. Kasoro ikihamia spika ya pili, chanzo kiko kwenye amplifaya au kwenye vifaa vinavyoilisha. Ikibaki kwenye kasha lilelile, endelea na hatua zinazofuata. Mvumo unaosikika hata muziki usipopigwa ushughulikie peke yake: chomoa nyaya zote zinazoingiza sauti kwenye amplifaya, na iwapo mvumo utaendelea, basi amplifaya yenyewe ndiyo yenye makelele, wala hakuna ukarabati wa spika utakaoyaondoa.

Hatua ya 2: Tambua sehemu iliyougua

Katika La Scala za zamani, spika nyingine za honi za Klipsch, krosova (saketi inayogawia kila yuniti sehemu yake ya sauti) hugawa sauti kwenye 400 Hz na 6,000 Hz, na spika nyingi za honi za njia tatu, yaani zenye yuniti za besi, za kati na za juu, haziko mbali na mgawanyo huo. Uimbaji ukififia na kusikika kana kwamba mwimbaji amesimama nyuma ya mlango, ishuku yuniti ya kati. Uimbaji ukiwa mzuri lakini herufi "s" na matoazi yamekosa ncha, ishuku twita, yaani yuniti ya sauti za juu. Kunja karatasi nene iwe kama bomba, ielekeze kwenye mdomo wa honi moja baada ya nyingine, na usikilize kwa sauti ya chini sana. Usiweke sikio moja kwa moja mdomoni mwa honi.

Hatua ya 3: Kagua viungio

Kutu, waya uliolegea na vibanio vilivyopoteza nguvu ni hitilafu za kawaida kuliko koili (waya uliozungushwa unaoisukuma dayaframu) iliyoungua. Niliwahi kuagiza dayaframu mpya kwa ajili ya spika iliyokuwa bubu upande wa juu, na ilipofika nikagundua kwamba kibanio kimoja cha krosova kilikuwa na tabaka la kijani lililozuia umeme kupita. Dayaframu hiyo ningali nayo. Fungua kila kiungio, kisugue kwa sandpepa laini, kisha ukikaze tena. Kabla ya kuondoa waya wowote, piga picha na uandike kwenye kipande cha mkanda mahali unapotoka.

Hatua ya 4: Pima yuniti kwa mita

Tenganisha walau waya mmoja wa yuniti kutoka kwenye krosova kabla ya kupima, kwa kuwa koili na transfoma zilizomo humo hupitisha umeme wa mita na kukuonyesha usomaji ulio karibu na sifuri hata yuniti ikiwa nzima. Yuniti ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) kwa kawaida husoma kati ya 5.5 na 7, na ya omu 16 husoma zaidi ya 10. Mita isiposoma chochote, koili imekatika. Ikisoma chini sana, mizunguko ya koili imegusana. Linganisha na yuniti ya spika ya pili; usomaji wa mwenzake una uzito kuliko namba iliyochapishwa kwenye kibandiko.

Hatua ya 5: Krosova

Yuniti zote zikiwa nzima, geukia kapasita, vile vijenzi vya krosova vinavyochuja sauti. Ng'oa mguu mmoja wa kapasita kabla ya kuipima. Iliyoandikwa maikrofaradi 13 ikisoma 16, imechoka, na hata ile inayosoma sawa inaweza kuwa imeongezeka ukinzani wa ndani na kupunguza sauti za juu taratibu kiasi kwamba mwenye spika hakuwahi kutambua. Badilisha jozi kwa jozi, yaani spika zote mbili kwa wakati mmoja, la sivyo taswira ya sauti itavutwa upande mmoja. Usishangae sauti za juu zikisikika kali baada ya hapo. Ipe spika siku chache kabla ya kuhukumu. Koili za krosova huharibika kwa nadra, kwa hiyo ziache.

Tahadhari moja: kapasita za mafuta zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1970 zinaweza kuwa na PCB, kemikali ya sumu ambayo Marekani ilipiga marufuku utengenezaji wake mwaka 1979. Iliyovuja ishike kwa glavu, na usiitupe pamoja na taka za nyumbani.

Hatua ya 6: Tafuta upenyo wa hewa

Hapa ndipo spika za honi hutofautiana na nyingine zote, na ndipo ninapotumia muda mrefu zaidi. Katika honi nyingi za besi, chumba kilicho nyuma ya wufa (yuniti ya besi) hufungwa kabisa, na hewa iliyomo hufanya kazi ya springi inayosawazisha uzito wa hewa iliyo kwenye koo la honi, yaani mwanzo wake mwembamba. Chumba kikipenyeza hewa, springi hiyo hulegea: besi hukonda na koni hucheza kupita kiasi, na mwenye spika huongeza besi kwenye amplifaya, jambo linaloizidishia wufa taabu. Kwenye Klipschorn za zamani kuna la ziada, kwa kuwa kuta za kona ya chumba ndizo zinazomalizia honi. Nafasi ya upana wa kidole kati ya kasha na ukuta ni tundu kwenye honi yenyewe.

Cheza toni ya 50 Hz kwa sauti ya chini, kisha upitishe ukanda wa karatasi laini kwenye maungio yote, kwenye mlango wa ukaguzi na kwenye matundu ya nyaya. Panapovuja, ukanda utapepea. Ziba kwa utepe wa sponji yenye matundu yaliyofungwa. Gundi ya silikoni siipendi, kwa sababu siku utakapotaka kuufungua tena mlango huo utaubomoa. Usisahau gasketi kati ya yuniti na koo la honi. Iliyosagika hutoa mluzi hafifu na kupunguza sauti.

Hatua ya 7: Kufungua yuniti

Fanya hivi iwapo tu mita imeonyesha koili mbovu, au sauti inakwaruza baada ya yote yaliyotangulia. Dayaframu hukaa chini ya milimita moja kutoka kwenye kizibo chenye mianya kilicho mbele yake, kwa hiyo vumbi la chuma au kupinda kidogo kunatosha kuleta mkwaruzo. Weka alama kwenye kifuniko, ondoa skrubu, na inua dayaframu wima. Safisha pengo la sumaku kwa kadi nyembamba iliyovishwa mkanda wenye gundi. Ukirudisha, kaza skrubu kidogokidogo kwa mtindo wa msalaba huku ukipitisha toni hafifu, na ukisikia mkwaruzo sogeza dayaframu mpaka uishe. Toni hiyo isishuke chini ya mpaka wa krosova, kwa maana honi huacha kuizuia dayaframu chini ya kiwango chake na dayaframu yaweza kupasuka.

Matunzo

Futa vumbi kwenye midomo ya honi kwa brashi. Usipulize hewa ya shinikizo kooni, kwani utausukuma uchafu hadi kwenye dayaframu. Mara moja kwa mwaka kaza skrubu zote, lakini kwa mkono mwepesi. Tundu la mbao likishalika, lijaze kijiti na gundi ya mbao kabla ya kurudisha skrubu. Andika usomaji wa omu wa kila yuniti pamoja na tarehe kwenye karatasi, na uibandike ndani ya mlango wa ukaguzi.